Kompyuta imegoma kujiunga na domeni ya ofisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kompyuta za Windows 10 na Windows 11 zinazotakiwa kuingia kwenye domeni ya Active Directory, yaani ofisi yenye seva ya Windows inayotunza majina ya watumiaji na nywila zao. Katika mifano yote domeni tumeiita ofisi.local, seva ni SEVA01 yenye anwani 192.168.10.5, na ruta ni 192.168.10.1. Weka za kwako badala yake. Amri ziandike kwenye dirisha la PowerShell ulilolifungua kwa haki za msimamizi.

Nianze kuangalia nini?

Anza na namba ya kosa. Windows ikikataa huleta sentensi ndefu isiyosaidia sana, lakini chini yake kuna kitufe cha «Details». Kibofye. Humo utakuta namba kama 0x0000232B au 0x000005B4, na kila namba ina njia yake. Asubuhi nzima hupotea watu wakizima fayawoli, wakifuta antivairasi, hata wakipiga Windows upya, ilhali chanzo kimeandikwa palepale.

Kisha andika ipconfig /all na usome anwani ya kompyuta. Ikianza na 169.254, hakuna aliyeipa anwani: kebo, swichi au DHCP (huduma inayogawa anwani) ndiyo yenye tatizo, na mambo ya domeni bado hujayafikia.

Mahali pa kuandika jina la domeni pamefifia, hapabofyeki. Kwa nini?

Hiyo ni Windows Home. Toleo la Home haliungi kwenye domeni kwa namna yoyote ile; yanayounga ni Pro, Enterprise na Education. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, usome toleo. Kompyuta mpakato nyingi za madukani huja na Home, kwa hiyo ofisi inaponunua ni vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Ikiwa tayari mnayo, si lazima kufuta kitu: nunueni leseni ya Pro, muiweke kwenye Settings, System, Activation (kwenye Windows 10 ni Settings, Update & Security, Activation). Kompyuta itajiwasha upya ikiwa Pro, na mafaili yatabaki.

Inasema «An Active Directory Domain Controller (AD DC) for the domain could not be contacted». Seva imezimika?

Mara nyingi seva iko hai kabisa. Kompyuta ndiyo haijui seva iliko, kwa sababu inauliza DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) isiyohusika.

Domeni hupatikana kwa DNS. Unapoandika ofisi.local, Windows huomba rekodi ya aina ya SRV yenye jina _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.local. Rekodi hiyo iko kwenye DNS ya seva yenu peke yake. Haiko kwenye ruta, haiko kwa kampuni ya intaneti, wala kwa Google. Sasa ofisi nyingi zina ruta ya kampuni ya intaneti inayogawa anwani kwa kila kifaa, na pamoja na anwani inagawa DNS yake yenyewe. Kompyuta inaingia intaneti bila shida, YouTube inacheza, lakini domeni haionekani.

Jaribu hivi:

nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.local

Ukiona jina seva01.ofisi.local na namba ya poti (mlango wa huduma) 389, DNS ni nzima. Ukiona «Non-existent domain», iulize seva moja kwa moja kwa kuongeza anwani yake mwishoni:

nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.local 192.168.10.5

Ikijibu hapo, basi kosa ni la kompyuta kuelekezwa kwingine. Fungua mipangilio ya kadi ya mtandao, weka DNS iwe 192.168.10.5, kisha ipconfig /flushdns, ujaribu tena kujiunga. Hata hivyo, kubadilisha kompyuta mojamoja ni kazi isiyoisha. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP, ubadilishe DNS inayogawiwa iwe ya seva. Kama ruta hairuhusu, na ruta kadhaa za kampuni za intaneti haziruhusu, zima DHCP yake na uiache seva ya Windows igawe anwani. Usiache zote mbili zikigawa kwa pamoja, maana leo kompyuta itapata DNS sahihi na kesho itapata ya ruta.

Seva nayo ikishindwa kujibu hata ulipoitaja kwa anwani, rekodi zake zimepotea. Kwenye seva yenyewe hakikisha kadi ya mtandao inatumia anwani yake yenyewe kuwa DNS, kisha:

ipconfig /registerdns
Restart-Service netlogon

Huduma ya Netlogon ikiwaka huiandikisha seva upya kwenye DNS. Subiri dakika chache, halafu endesha dcdiag /test:dns.

Namba zinazokuja na ujumbe huo zina tofauti gani?

0x0000232B: DNS imejibu kwamba jina halipo. Ama umekosea tahajia ya domeni, ama unaiuliza DNS isiyo yenu.

0x000005B4: DNS haikujibu hadi muda ukaisha. Anwani ya DNS uliyoweka haifikiki, au kuna kitu kinazuia poti 53.

0x0000267C: kompyuta haina DNS yoyote iliyowekwa.

Kuna hali ya nne, ambapo «Details» inaorodhesha seva yenu kwa jina, halafu inasema hakuna iliyofikika. Hapo DNS imeshamaliza kazi yake. Nenda kwenye swali la poti, lile linalotaja ping.

Nikiweka seva kuwa DNS ya kwanza na 8.8.8.8 kuwa ya pili, kuna ubaya? Ni akiba tu.

Kuna ubaya, na ushauri huu umeleta matatizo mengi kuliko karibu kila kosa jingine kwenye orodha hii. DNS ya pili kwenye Windows haiko kwa ajili ya majina ambayo ya kwanza haiyajui. Windows huihamia pale ya kwanza inapochelewa kujibu, na ikishahamia inaweza kubaki huko kwa muda. Huko 8.8.8.8 itajibu kwamba ofisi.local haipo, na Windows italipokea jibu hilo kuwa la mwisho. Ni kama kumuuliza mtu wa ng'ambo chumba cha mhasibu wenu kiko wapi: hajui, na hana sababu ya kukuelekeza kwa anayejua. Matokeo yake ni kompyuta inayojiunga leo na kushindwa kuingia keshokutwa, bila mtu kugusa chochote.

Mahali pa 8.8.8.8, au DNS ya kampuni yenu ya intaneti, ni ndani ya seva: fungua DNS Manager, bofya jina la seva kwa kitufe cha kulia, Properties, Forwarders. Kompyuta inaiuliza seva, seva ndiyo inayouliza nje. Mkitaka akiba ya kweli, wekeni seva ya pili ya domeni.

Nimeweka DNS ya seva kwa mkono, lakini nslookup bado inaonyesha anwani ya ajabu inayoanza na fe80.

Ruta inagawa DNS kwa IPv6 pia, na kompyuta inaitumia hiyo hata kama IPv4 umeiweka sawasawa. Ili kuthibitisha, ondoa kwa muda tiki ya «Internet Protocol Version 6» kwenye kadi ya mtandao na ujaribu tena. Ikikubali, umempata mchawi: zima ugawaji wa DNS ya IPv6 kwenye ruta, kisha rudisha tiki. Kuizima IPv6 kwenye kompyuta zote si dawa. Microsoft wenyewe hawaishauri.

DNS inajibu, ping inafika kwenye seva, bado inakataa. Nini kimebaki?

Ping inathibitisha tu kwamba njia ipo. Kujiunga kunahitaji milango mingi zaidi: 53 ya DNS, 88 na 464 za Kerberos (inayothibitisha utambulisho), 135 ya RPC (maombi kati ya kompyuta), 389 ya LDAP (kusoma orodha ya domeni), 445 ya SMB (folda za pamoja), pamoja na poti za juu kuanzia 49152 hadi 65535 ambazo RPC huzichagua yenyewe. Pima zile kuu moja baada ya nyingine:

Test-NetConnection seva01.ofisi.local -Port 389
Test-NetConnection seva01.ofisi.local -Port 445

Tafuta mstari wa TcpTestSucceeded. Ukiwa False, angalia kwanza kama kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya wageni. Wi-Fi hizo hutenganisha vifaa kwa makusudi, visionane na seva. Chomeka kebo ujaribu upya. Angalia pia VPN iliyowaka na antivairasi yenye fayawoli yake.

Halafu tazama upande wa seva, hasa kama umeme ulikatika usiku. Seva inapowaka, Windows hukisia iko kwenye mtandao wa aina gani. Wakati mwingine, huduma za domeni zikiwa bado hazijasimama, hukisia vibaya na kuuita mtandao wa ofisi «Public». Fayawoli hujifunga, na ofisi nzima inaamka haina domeni. Kwenye seva endesha Get-NetConnectionProfile. Jibu linalotakiwa ni DomainAuthenticated. Likiwa Public, amri hii huilazimisha kukagua upya:

Restart-NetAdapter *

Windows Server 2025 ilitoka na hitilafu ya aina hii hii kila inapowashwa upya, kwa hiyo kama mnaitumia hakikisheni masasisho yamewekwa. Na UPS ya seva isiwe jambo la kuahirisha.

Saa ya kompyuta inahusikaje na haya?

Kerberos hukataa kuzungumza na kompyuta ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Namba yake ni 0x576. Pima tofauti hivi:

w32tm /stripchart /computer:192.168.10.5 /samples:3 /dataonly

Kuna mtego hapa unaowapata hata waangalifu. Kompyuta imeletwa kutoka Marekani ikiwa bado kwenye majira ya Pacific. Mtu akaona saa si sahihi, akairekebisha kwa mkono hadi ikaonyesha saa 4 asubuhi kama ukutani, lakini eneo la saa akaliacha lilivyo. Kwa macho iko sawa. Kerberos haiangalii saa ya ukutani. Inahesabu kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na kwa UTC kompyuta hiyo imekosea kwa muda wa saa 10 au 11. Weka kwanza eneo: Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni «(UTC+03:00) Nairobi»; Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni «(UTC+02:00) Harare, Pretoria». Ndipo urekebishe saa.

Kama saa inarudi nyuma miaka kila kompyuta inapochomolewa umeme, betri ya ubao mama imekufa. Kwenye kompyuta za mezani kwa kawaida ni CR2032, ile ya duara kama sarafu.

Ikiwa seva ndiyo yenye saa mbovu, itaambukiza wote, kwani kompyuta za domeni huchukua saa kwake. Kwenye seva yenye wajibu wa PDC, yaani ile ambayo domeni nzima hufuata saa yake (netdom query fsmo itakuonyesha ni ipi):

w32tm /config /manualpeerlist:"pool.ntp.org,0x8" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update
Restart-Service w32time

Inakubali jina la domeni, inaomba nywila, kisha inaikataa ilhali ni sahihi.

Inayotakiwa ni nywila ya akaunti ya domeni. Ya akaunti ya kompyuta yenyewe haifai, hata kama zote mbili zinaitwa Administrator. Andika jina kamili, OFISI\jina au jina@ofisi.local, ili Windows isikisie. Namba 0x52e ni jina au nywila isiyo sahihi. 0x5 ni kwamba umetambulika lakini huna ruhusa.

Nimeziunga kompyuta kadhaa kwa akaunti yangu ya kawaida, sasa inasema nimezidisha idadi.

Kwa kawaida kila mtumiaji wa domeni anaruhusiwa kuunga kompyuta 10. Ya 11 hukataliwa kwa namba 0x216d. Wengi hukimbilia kuongeza ukomo huo, unaoitwa ms-DS-MachineAccountQuota. Usifanye hivyo. Kwa usalama wa ofisi ni bora ukomo uwe 0 kwa watumiaji wote, kisha fundi anayehusika apewe ruhusa ya kuunda akaunti za kompyuta kwenye OU (folda ya akaunti ndani ya Active Directory) husika. Mwenye ruhusa hiyo hahesabiwi ukomo.

«An account with the same name exists in Active Directory. Re-using the account was blocked by security policy.» Zamani haikuwa hivi!

Ni kweli, mambo yalibadilika. Tangu masasisho ya Oktoba 2022, Windows hairuhusu mtu yeyote tu kuitumia tena akaunti ya kompyuta iliyopo. Namba ni 0xaac. Hutokea sana mnapopiga Windows upya na kuipa kompyuta jina lake la zamani, huku anayeiunga si yule aliyeiunga mwanzo.

Njia rahisi ni kuipa kompyuta jina jipya. Ya pili ni kuunga kwa akaunti ileile iliyoiunda mara ya kwanza. Ya tatu ni kuifuta akaunti ya zamani kwenye Active Directory Users and Computers, lakini tahadhari: kama funguo za BitLocker (kufuli ya diski) za kompyuta hiyo zimehifadhiwa humo, zitafutika pamoja nayo. Zinakili kwanza. Ofisi inayopiga Windows upya mara kwa mara iwashe sera ya «Domain controller: Allow computer account re-use during domain join» na kumtaja humo mmiliki wa akaunti hizo. Maelekezo ya zamani yanayotaja NetJoinLegacyAccountReuse kwenye rejista yapuuze. Masasisho ya Agosti 2024 yaliiondolea nguvu.

Inalalamika kuhusu miunganisho mingi kwa majina tofauti ya mtumiaji.

Umeshafungua folda ya pamoja ya seva kwa jina jingine. Andika net use * /delete, thibitisha, jaribu tena. Isipokubali, iwashe upya na ujiunge kabla ya kufungua folda yoyote.

Jina la kompyuta lina masharti?

Lisizidi herufi 15, lisiwe na nafasi, na lisifanane na la kompyuta nyingine. Kama mlinakili diski moja kwenye kompyuta nyingi, kubadilisha jina hakutoshi, kwa sababu zote zina kitambulisho kimoja cha ndani, yaani SID. Zamani hilo lilivumilika. Kwa masasisho ya mwishoni mwa Agosti 2025, Windows 11 24H2 na 25H2 pamoja na Server 2025 zenye SID moja hukataliana. Diski ya kunakilia ipitishwe kwanza kwenye sysprep /generalize, amri inayoondoa kitambulisho hicho.

Seva yetu ni Windows Server 2003. Tuwashe SMB1 ili Windows 11 ikubali?

Hapana. SMB1, toleo la kwanza la SMB, ndiyo njia iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, na Server 2003 haina huduma ya masasisho tangu Julai 2015. Kuiwasha kwa ajili ya seva moja ni kuziweka hatarini kompyuta zote mlizonazo. Fedha ziende kwenye seva mpya.

Ilikuwa kwenye domeni, leo inasema «The trust relationship between this workstation and the primary domain failed».

Kompyuta nayo ina nywila yake kwenye domeni, na hubadilishwa yenyewe kila siku 30. Ukirudisha kompyuta nyuma kwa System Restore au nakala ya zamani, inakuja na nywila iliyopitwa na wakati. Watu hutoa kompyuta kwenye domeni na kuirudisha. Inafanya kazi, lakini kuna njia fupi. Ingia kwa akaunti ya msimamizi ya kompyuta yenyewe, kwa kuandika .\jina, halafu:

Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential OFISI\Administrator

Tumia Windows PowerShell ya kawaida, kwa sababu amri hii haimo kwenye PowerShell 7. Ikijibu True, iwashe upya.

Hujui nywila ya akaunti ya ndani? Chomoa kebo, zima Wi-Fi, uingie kwa akaunti ya domeni yenye haki za msimamizi ambayo imewahi kuingia hapo. Windows hukumbuka walioingia 10 wa mwisho. Ukishaingia, rudisha kebo na uendeshe amri. Na kama utaamua kuitoa kwenye domeni, jaribu kwanza kuingia kwa akaunti ya ndani. Ukiitoa bila kuwa nayo, umejifungia nje.

Tumejaribu yote. Nimtumie nini anayesimamia seva?

Mtumie faili la C:\Windows\debug\NetSetup.log, matokeo ya ipconfig /all, na saa kamili ulipojaribu. NetSetup.log huandika kila hatua ya kujiunga. Fungua, shuka hadi mwisho, tafuta neno status. 0x0 ni hatua iliyopita salama, na namba ya kwanza isiyo 0x0 ndiyo ya kufuatilia. Kwa mfano 0x54b ni kwamba hakuna seva ya domeni iliyopatikana, na hapo unarudi kwenye DNS na poti.

Imekubali, nimeingia kwa jina la domeni, na mafaili yangu yote hayapo!

Yapo. Akaunti ya domeni ni mtumiaji mpya kwa kompyuta hiyo, hivyo imetengenezewa eneo lake jipya. Ya zamani yako kwenye C:\Users, ndani ya folda yenye jina ulilokuwa ukitumia. Nakili Documents, Desktop na Downloads. Alamisho na nywila za kivinjari zihamishe kwa kuingia kwanza kwenye akaunti ya zamani. Usiifute folda hiyo hadi mwenye kompyuta athibitishe mwenyewe kwamba hakuna kilichobaki, hasa mafaili ya barua pepe ya Outlook yenye mwisho wa .pst.